Shilingi yako ina kasoro? Iangalie vizuri kabla hujamtumia mtu pesa

Chenji ikirudi mkononi, wengi wetu hatuiangalii. Tunahesabu harakaharaka, tunaitia mfukoni, safari inaendelea. Lakini siku hizi kuna wanaogeuza-geuza kila sarafu, kwa kuwa wamesikia kwamba shilingi yenye kasoro ya kiwandani huuzwa kwa maelfu. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, na ina mtego pia. Hapa tunaeleza yote mawili, tukiwafikiria hasa wateja wetu wa Hola na Garsen, ambako sarafu bado ina kazi: kikombe cha maziwa, embe moja la kuongezea, nauli ya bodaboda isiyotimia.

Mbona kampuni ya pesa za simu iongee juu ya sarafu? Kwa sababu tapeli anayekupigia kuhusu sarafu yako hana haja nayo. Anataka pesa zilizo kwenye simu yako.

Sarafu hutengenezwaje?

Vipande vya mviringo hukatwa kutoka kwenye bamba la chuma, kisha mashine huinua ukingo wa kila kipande. Halafu kipande huingia katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mwingine chini, huku pete ya chuma ikikizunguka kisitanuke. Mihuri hugonga, na picha za pande zote mbili hutokea kwa pamoja. Mashine za kisasa hugonga mamia kwa dakika moja. Kwa kasi hiyo makosa lazima yatokee. Mengi hunaswa na wakaguzi, machache hupenya hadi sokoni.

Kwanza zijue sarafu za kawaida

Sarafu tunazopewa sana sasa zilizinduliwa Desemba 2018: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa, ndiyo maana wanyama wakachukua nafasi ya marais. Sarafu za zamani zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta hazikufutwa wakati huo, ziliendelea kutumika pamoja na mpya.

Kuna tofauti nyingine ambazo watu hudhani ni kasoro, kumbe ni mtindo tu wa miaka ile. Shilingi 5 ya 1985 ina pande saba. Shilingi 1 ya 1995 ni ya manjano, na ile ya 2005 ni nyeupe. Shilingi 40 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ni kumbukumbu nzuri, lakini haikukosewa.

Kasoro za kweli

Shika kanuni hii: alama iliyoinuka mara nyingi ilitoka kiwandani, alama iliyochimbika mara nyingi ilitoka mfukoni. Muhuri ukipasuka, chuma cha sarafu huingia kwenye ufa na kuacha mstari mwembamba ulioinuka. Mkwaruzo wa msumari huchimba. Pitisha ukucha juu yake utahisi. Kisha tafuta haya:

• Picha iliyoenda upande. Sehemu moja ya sarafu imebaki tupu kama mwezi mwandamo, na upande wa pili picha imekatika.

• Ukingo ulioumwa. Kipande kilikatwa mahali palipokuwa na tundu tayari. Tazama ukingo ulio mkabala na pale palipoumwa: kwenye kasoro ya kweli, mara nyingi nao huwa hafifu, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa pa kukaza. Iliyokatwa na mtu kwa tupa haina dalili hiyo.

• Upande mmoja uliopinda. Shika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, uizungushe kama mlango. Ilinganishe na nyingine kumi za aina hiyohiyo. Kama zote zinasimama wima na yako imelala au imepinduka, muhuri mmoja ulikuwa umezunguka.

• Maandishi mawili-mawili. Herufi na tarakimu zina kivuli kilichoinuka, kwa sababu muhuri wenyewe ulichorwa mara mbili bila kulingana. Mfano unaojulikana duniani ni senti 1 ya Marekani ya 1955.

• Moyo na pete visivyokutana sawa. Shilingi 5, 10 na 20 zina rangi mbili. Moyo ukikaa upande tangu kiwandani, picha iliyogongwa juu yake huvuka mpaka wa rangi bila kuvunjika. Ukiona picha imekatika na kuna alama za nyundo, hiyo ni kazi ya watoto nyuma ya nyumba.

Kasoro za matope

Watu wa Tana River wanajua mto unapofurika huacha nini. Baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya 2024, kulikuwa na vitu vingi vya kufukua kwenye tope. Sarafu ya chuma iliyopakwa rangi ya juu tu ikikaa kwenye unyevu hubabuka, huvimba vipele na kuota kutu. Iliyopita motoni hugeuka nyeusi au nyekundu. Hizo ni sarafu zilizoharibika, na mkusanyaji hatazilipia zaidi ya thamani yake. Ukiona yenye shaka, usiisugue kwa majivu, limau wala waya wa sufuria. Kuing'arisha huiharibu zaidi.

Zile za babu zenye tundu

Kwenye masanduku ya wazee bado kuna senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni, zenye tundu katikati. Hazinunui kitu dukani, lakini zina tofauti ndogo zinazopendwa na wakusanyaji. Tafuta herufi ndogo karibu na mwaka au picha. H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Zilizotoka London mara nyingi hazina herufi. Baadhi ya za 1936 zina jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Sarafu hizo hazina sura ya mfalme, ndiyo maana ziliwahi kutoka kabla hajaacha kiti.

Je, ina bei?

Kasoro huwa na bei pale tu inapopata mtu anayeitaka. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha sarafu ya peni 20, mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baadhi ziligongwa kwa muhuri mpya upande mmoja na wa zamani upande wa pili, zikatoka bila mwaka kabisa. Watu waliuziana kwa makumi ya pauni. Hizo ni nyingi ukilinganisha na thamani ya peni 20, lakini hazimjengei mtu nyumba. Bei anayoitaja muuzaji kwenye intaneti si bei. Bei ni ile mtu aliyolipa.

Sasa sikiliza ujumbe wa tapeli unavyokuja. Umeweka picha ya sarafu yako kwenye kikundi, halafu unaandikiwa: "Hongera mama, sarafu yako imekubaliwa kwa 350,000. Tuma 1,500 ya usajili mnunuzi aachilie pesa." Ukituma, itafuata ya cheti, kisha ya bima, kisha ya gari la kuifuata kutoka Nairobi. Mwenye mbuzi mmoja anaweza kumuuza kwa sababu ya shilingi iliyo kwenye kiganja chake.

Kwa hivyo:

1. Mnunuzi ndiye anayelipa. Ukiambiwa utume kitu kwanza, hata shilingi 50, acha hapo.

2. Hakuna biashara ya sarafu inayohitaji nambari yako ya siri, kitambulisho chako au tarakimu ulizotumiwa kwa ujumbe. Sisi wenyewe hatutakuuliza nambari ya siri.

3. Ukilipwa kwa simu, angalia salio lako kabla ya kutoa sarafu. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa, salio haliwezi.

4. Kutaneni mahali pa watu wengi, mchana, na uende na mtu wa nyumbani.

5. Ukishatuma, usione haya. Pigia huduma kwa wateja papo hapo utoe nambari ya muamala, hifadhi jumbe zote, kisha uripoti kituo cha polisi. Dakika za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuzuia pesa kabla hazijatolewa.

Ukiwa na sarafu unayoishuku, ipige picha pande zote mbili ikiwa karibu na nyingine ya kawaida, ifunge kwenye karatasi na uiweke. Kama ni kasoro ya kweli, itakuwa ya kweli hata mwaka ujao. Anayekuharakisha leo kabla ya saa kumi ana sababu yake.