Dubu Hasomi Hekaya

Ni nadra kumpata mwanafunzi ambaye hajasimuliwa ile hekaya ya Esopo kuhusu marafiki wawili waliokutana na dubu msituni. Mmoja alikwea mti upesi na kumwacha mwenzake. Wa pili akajilaza chini, akabana pumzi. Dubu akamnusanusa, akamdhani maiti, akaenda zake. Hekaya hiyo hutumiwa kufundishia urafiki wa kweli, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Ila imepandikiza vichwani mwetu imani mbili potovu: kwamba dubu hagusi maiti, na kwamba mti ni ngome. Ukweli ni kwamba dubu hula mizoga bila kubagua, na dubu mweusi wa Marekani hupanda mti kwa wepesi usioweza kufikiwa na mwindaji yeyote aliyevaa buti.

Kwetu Afrika Mashariki mnyama huyu hayupo. Tunamjua vitabuni tu, hasa katika kisa cha Daudi aliyemweleza Sauli jinsi alivyowaua simba na dubu waliovamia kondoo wa babake. Lakini kwa wawindaji wa Montana, Wyoming na Alaska, hili ni jambo la kufa na kupona. Tena hatari hiyo aghalabu huletwa na mwenendo wao wenyewe.

Hebu tazama. Mtalii anayetembea katika misitu hiyo huagizwa apaze sauti, aandamane na wenzake, na aepuke kutembea alfajiri na magharibi. Mwindaji hutenda kinyume cha hayo yote. Hunyata kimyakimya akikabili upepo ili asinuswe. Huondoka kambini kabla ya mapambazuko. Na akiwinda elki, wale kulungu wakubwa wenye pembe za matawi, huigiza mlio wa jike ili kumvuta dume. Je, ni ajabu iwapo anayeitikia mwito huo ni dubu mwenye njaa? Akishaua, balaa huzidi. Huinama juu ya mzoga kwa muda mrefu akipasua na kutoa matumbo, mikono imejaa damu, bunduki ameiegemeza mtini. Watafiti waliofuatilia nyendo za dubu wa Yellowstone walibaini kwamba msimu wa uwindaji unapofunguliwa mwezi Septemba, baadhi ya dubu huvuka mpaka wa hifadhi na kwenda kule wanakowindwa elki, kuyafuata mabaki hayo.

Mwindaji atajibu kwamba ana bunduki, basi ana hofu gani? Mwaka 2012 Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchunguzi wa matukio 269 ya Alaska, ya tangu 1883 hadi 2009, ambapo watu wenye silaha walikabiliana na dubu. Waligundua kwamba waliofyatua risasi hawakunusurika na majeraha zaidi ya wale waliokuwa na bunduki lakini hawakuitumia. Hapo awali, mwaka 2008, baadhi ya watafiti hao walikuwa wamechunguza matukio 83 ya Alaska yaliyohusu mikebe ya pilipili ya kupuliza. Pilipili hiyo iliwazuia dubu wa kahawia mara 92 kwa kila mia, na watu 98 katika kila mia waliokuwa na mikebe hiyo hawakudhurika.

Sababu si ngumu kuielewa. Dubu wa kahawia hukimbia kilomita 56 hivi kwa saa. Akitokea kichakani umbali wa mita 50, mwindaji ana muda wa sekunde tatu tu na ushei. Katika sekunde hizo aiinue bunduki, atoe kifungo cha usalama, alenge kichwa kinachorukaruka, na risasi yake imwangushe mnyama papo hapo. Pilipili haidai shabaha hiyo. Hutanda kama wingu, na dubu huliingia yeye mwenyewe kwa macho na pua.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba matukio ya bunduki na ya pilipili hayakulingana kwa ukali, kwa hiyo si haki kuyapima katika mizani moja. Tena upepo mkali huweza kumrudishia mpulizaji pilipili yake. Ni kweli. Hata hivyo, nionavyo mimi, hoja hizo zinamtaka mwindaji awe na vyote viwili, wala hazimpi kisingizio cha kuacha mkebe nyumbani. Hifadhi ya Grand Teton huwalazimisha wawindaji wa elki wenye kibali kuubeba. Nao sharti uwe mkandani au kifuani. Uliofungwa ndani ya shanta hauna msaada wowote.

Na akishaangushwa chini, je? Hapa ndipo Esopo alipokaribia ukweli. Dubu wa kahawia aliyeshtuliwa, hasa jike mwenye watoto, hushambulia ili kuondoa tishio. Mtu alale kifudifudi, afumbate mikono nyuma ya shingo, apanue miguu ili asigeuzwe, anyamaze. Dubu akiona tishio limekwisha, mara nyingi huondoka. Asipoachilia, akaendelea kurarua, huyo anataka kula, na hapo mtu hana budi kupigana. Dubu mweusi naye asilaliwe kamwe. Apigwe usoni kwa jiwe, kwa gogo, kwa chochote kilichopo.

Mwalimu anayesomesha hekaya ile angewapa wanafunzi wake pia maarifa haya, kwani vijana wetu wengine huenda masomoni katika nchi hizo. Wakialikwa kuwinda, wajue kwamba nyama huondolewa upesi mahali ilipoangukia, na itakayobaki hutundikwa juu, mbali na matumbo, mahali panapoonekana tangu mbali. Asubuhi mwindaji arudipo huanza kutazama kwa darubini kutoka kilimani, huku akipiga kelele. Akimkuta dubu amekwisha kuukalia mzoga, hurudi nyuma polepole na kumwachia.