Ukimya na Kukataliwa: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu Baina ya Kompyuta na Seva

Kazi nyingi ambazo zamani zilifanywa kwa daftari na kalamu sasa hufanywa kwa kompyuta zilizounganishwa na mtandao. Karani wa hospitali ya wilaya akitaka kupokea malipo ya mgonjwa hufungua ukurasa katika kivinjari, huandika jina na kiasi, kisha hungoja jibu la seva ambayo huenda iko mamia ya kilomita kutoka hapo alipo. Jibu lisipofika, foleni hurefuka, dawa hazitolewi, na watu huambiwa lile neno ambalo sote tumepata kulisikia dirishani: "Mtandao hakuna." Makala hii inakusudia kueleza kwamba mara nyingi neno hilo si sahihi, na kwamba namna mawasiliano yanavyoshindikana hutuonyesha mahali penye hitilafu, iwapo mtu atachukua taabu ya kuitazama.

Yafaa kwanza tuelewe safari ya ombi la karani. Kompyuta yake huanza kwa kuuliza anwani ya seva, kwa kuwa mashine huitana kwa namba na wala si kwa majina. Ikishapata namba hiyo, hubisha hodi kwenye mlango maalumu wa seva. Kwa kurasa zenye ulinzi mlango huo ni namba 443. Wakiitikiana, seva huonyesha cheti chake ili ijulikane kuwa ndiyo yenyewe. Ombi hupokelewa na seva ya mbele, ambayo kazi yake ni kuligawa kwa mojawapo ya seva za programu zilizo nyuma yake, na seva ya programu nayo huenda kuchota habari katika hifadhidata. Karani haoni lolote katika haya yote. Yeye huona ukurasa mmoja tu, ama uliofunguka ama uliokataa.

Mfumo wa kubadili majina kuwa namba ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na ukiharibika, seva yaweza kuwa nzima kabisa na bado isifikiwe na mtu. Tarehe 4 Oktoba 1921 isingeweza kutupa mfano wa jambo hili, lakini siku kama hiyo miaka 100 baadaye, yaani 4 Oktoba 2021, ulimwengu mzima uliuona. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mawasiliano baina ya vituo vya data vya Facebook. Seva zake za majina zikajiondoa mtandaoni, na kwa muda wa saa sita hivi Facebook, Instagram na WhatsApp zikawa hazipatikani. Mafundi wenyewe walizuiwa na hitilafu hiyo hiyo, kwa sababu vyombo vyao vya kazi vilitegemea majina yale yale, ikabidi baadhi yao waende kwa miguu yao hadi kwenye mashine. Kivinjari kikisema kwamba hakiioni anwani ya seva, basi tusihangaike na seva: tuulize kwanza juu ya jina.

Jina likipatikana, twafika kwenye hodi yenyewe, na hapa ndipo penye tofauti ambayo watu wengi huipuuza. Hodi yaweza kukataliwa, au yaweza kukosa jibu. Ikikataliwa, jibu hurudi mara moja, pengine kabla karani hajaondoa kidole kwenye kitufe. Kukataliwa huko ni habari njema kiasi, maana kwa kawaida kunathibitisha kwamba pakiti zimefika kwenye mashine iliyo hai, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango ule. Huenda programu imezimika. Huenda pia inasikiliza kwenye anwani 127.0.0.1 peke yake, ambayo ni anwani ya mashine kujisemesha yenyewe. Fundi akiijaribu akiwa ameketi mbele ya seva huona inafanya kazi vizuri, akaapa kwamba kosa ni la mtandao.

Ukimya una maana nyingine. Pakiti zimetupwa njiani: na programu ya ulinzi inayochuja wageni pasipo kuwajibu, na njia iliyokatika, au kwa sababu mashine yenyewe imezimwa. Kompyuta inayobisha haijui ni lipi kati ya hayo, hivyo hurudia. Katika matoleo ya Linux yaliyotumika kwa miaka mingi, hodi hurudiwa mara 6, na muda wa kungoja huongezwa maradufu kila mara, kuanzia sekunde 1. Jumla hufikia sekunde 127 kabla ya kukata tamaa. Mtu aliyengoja zaidi ya dakika mbili ndipo akapata kosa, na mtu aliyepata kosa papo hapo, wana matatizo mawili tofauti, hata kama wote wawili wataandika katika daftari la hitilafu kwamba "haifunguki".

Wengi huanza uchunguzi kwa amri ya ping. Si vibaya, lakini yafaa tuwe na tahadhari, kwa sababu seva nyingi zimeagizwa zisiijibu, na seva inayoijibu yaweza kuwa na programu iliyokufa. Ni afadhali kubisha kwenye mlango ule ule unaotakiwa, kwa mfano kwa programu ya curl, na kutazama hatua ambayo mazungumzo yamekomea.

Hatua ya cheti haina mengi, isipokuwa jambo moja linalowapata sana watu wenye kompyuta za zamani. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu ikichoka, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa, na kivinjari hukataa kurasa karibu zote zenye ulinzi kwa kudhani kwamba vyeti vyake havijaanza kutumika. Dawa yake ni kusahihisha saa na kununua betri mpya, wala seva haina kosa.

Sasa tuchukue kwamba ukurasa umejibu, lakini kwa namba: 502, 503 au 504. Hapo neno "mtandao hakuna" limekwisha kukanushwa, maana namba hiyo imeletwa na mtandao huo huo. Aliyeituma kwa kawaida ni seva ya mbele, naye anatueleza habari za walio nyuma yake. Kwa 502 anasema kwamba aliyemtegemea amemkatia mazungumzo au amempa jibu lisiloeleweka. Kwa 504, kwamba amengoja mpaka muda wake umekwisha. Kwa 503, kwamba huduma haiwezi kupokea kazi kwa sasa. Katika programu ya nginx, inayotumiwa sana kama seva ya mbele, muda wa kungoja ni sekunde 60 usipobadilishwa. Makosa yanayotokea kila mara baada ya dakika moja kamili yatupasa kuyatazama kwa jicho hilo.

Mara nyingi anayechelewa si seva ya programu, bali foleni iliyo nyuma yake. Hifadhidata ya PostgreSQL huruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja isipoagizwa vingine. Programu ikisahau kurudisha miunganisho inayoiazima, asubuhi mambo huenda vizuri, na kufikia saa sita mchana kila ombi linangoja nafasi isiyopatikana. Fundi huizima seva na kuiwasha, mambo yakawa shwari, na kesho yake saa zile zile hali hurudi. Kuzima na kuwasha kumefuta ushahidi. Kabla ya kufanya hivyo, heri kuhesabu miunganisho iliyo wazi na kunakili kumbukumbu za seva pamoja na saa kamili.

Liko pia kosa linalotokea hapa na pale, ambalo huwachosha mafundi kuliko mengine. Seva ya mbele hupenda kuacha muunganisho wazi ili iutumie tena. Tuseme yenyewe huuacha kwa sekunde 60, ilhali programu iliyoandikwa kwa Node.js, kwa desturi yake ya miaka mingi, huufunga baada ya sekunde 5 za kukaa bure. Ombi likitumwa wakati ule ule mlango unapofungwa, karani hupata 502. Akijaribu tena hufaulu. Muda wa aliye nyuma hauna budi uwe mrefu kuliko wa aliye mbele.

Hatukatai kwamba njia yenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu katika eneo la baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hata siku kama hiyo, huduma ambayo seva zake ziko ndani ya nchi, na isiyotegemea kitu cha ng'ambo, yaweza kufikiwa. Kwa hiyo kujaribu ukurasa mmoja wa ndani na mmoja wa nje hutoa habari nyingi kwa muda mfupi.

Limebaki jambo zito kuliko yote kwa yule karani. Ukimya ukitokea baada ya ombi kutumwa, haumwambii kama malipo yamepokelewa. Ombi lenyewe laweza kuwa lilipotea likienda, au lilitimizwa na jibu ndilo lililopotea likirudi. Kwake yeye hali hizo mbili zafanana kabisa. Akibonyeza tena, mgonjwa huenda akatozwa mara mbili. Waandishi wa programu wanalo suluhisho: kila malipo hupewa namba yake ya pekee katika kompyuta ya karani kabla ya kutumwa, na seva ikiona namba iliyokwisha kuipokea hurudisha jibu lile la kwanza bila kutoza upya. Mahali ambapo programu haijatengenezwa hivyo, karani afungue kwanza orodha ya malipo ya mgonjwa huyo, atazame saa na kiasi, ndipo abonyeze tena.