Chupa na Vikombe Vilivyovunja Rekodi ya Kutunza Joto

Chombo kinachoiweka kahawa yako moto kutoka Ubungo hadi Moshi kilibuniwa na mtu aliyekuwa akihangaika na baridi. James Dewar, mkemia Mskoti wa Royal Institution jijini London, alihitaji pa kuwekea gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika, maana zilikuwa zikichemka na kupotea mara tu zinapokutana na joto la chumba. Mwaka 1892 akatia chupa ya kioo ndani ya nyingine na kuifyonza hewa iliyokuwa katikati. Ukuta wa kioo ukapakwa fedha. Pasipo hewa joto hukosa cha kupitia, na fedha huirudisha mionzi ya joto ilikotoka. Kwa vyombo vya namna hiyo, mwaka 1898 Dewar akawa mtu wa kwanza kupata haidrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo chupa ya chai ya kwanza duniani, ingawa haikuwahi kutiwa chai.

Aliyeifikisha mezani ni Reinhold Burger, fundi wa kioo wa Berlin. Aliivika chupa ganda la chuma, akapata hataza mwaka 1903, na mwaka uliofuata jina la Thermos likaingia sokoni. Dewar hakuwa amesajili ugunduzi wake, na alipokwenda mahakamani alishindwa. Nadhani ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika historia ya vyombo vya jikoni.

Kanuni yake imefika mbali ajabu. Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, chini ya ardhi, kuna mtambo wa kugonganisha chembe ndogo za maada uitwao Large Hadron Collider, mduara wa kilomita 27. Sumaku zake hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, baridi kuliko anga za mbali, na kinachozuia joto la nje lisiziingilie ni ombwe, lilelile lililomo katika kuta za kikombe cha safari kinachouzwa Kariakoo.

Chupa ngumu kuliko zote zina baba mwingine. William Stanley Mdogo, mhandisi Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1886 jinsi transfoma zinavyoweza kusambaza umeme mjini, alitengeneza mwaka 1913 chupa ya ombwe ya chuma kitupu, bila kioo. Tangu hapo msafiri akaweza kuiangusha chupa yake na bado akanywa. Wajapani ndio walioifanya iwe nyepesi: kampuni ya gesi ya Nippon Sanso ilitoa mwaka 1978 chupa yake ya chuma cha pua yenye ombwe la hali ya juu, na mwaka 1989 ikainunua biashara ya Thermos yenyewe. Chupa za kioo zenye maua ubavuni bado zinatawala meza za nyumbani kwetu, na zinastahili, kwa kuwa kioo hakishiki harufu. Ila mahali pake ni mezani. Kwenye mkoba, juu ya pikipiki au kambini, chukua chuma.

Kinachoongoza kwa umaarufu katika miaka ya karibuni ni kikombe kikubwa cha Stanley kiitwacho Quencher, chenye mkono, mrija na ujazo wa lita 1.2 hivi. Novemba 2023 mwanamke mmoja wa Marekani alisambaza video ya gari lake lililoteketea kwa moto; kikombe kilikuwa bado kimesimama mahali pake, na alipokitikisa barafu ilisikika ndani. Kampuni ikaahidi kumnunulia gari jipya. Ni ushahidi mkubwa wa nguvu ya ombwe, lakini sikipendekezi kwa basi wala kwa mlima. Kikilala, kinywaji hutoka pale mrija unapopita.

Mahali pagumu kuliko pote katika Afrika pa kukipima kikombe ni usiku wa mwisho wa Kilimanjaro. Wapandaji huondoka Kibo au Barafu, kambi zenye urefu wa karibu mita 4,700, kwenye saa sita za usiku ili wafike Uhuru, mita 5,895, jua linapochomoza. Ni saa sita au saba za kutembea katika baridi inayogandisha maji ndani ya mirija ya kunywea. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu: huko juu maji hayafiki nyuzi 100. Moshi mjini huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, Kibo takriban 84, kileleni karibu 80. Kwa hiyo chai ya tangawizi inayotiwa kwenye chupa usiku ule inaanza safari ikiwa imeshapungukiwa nyuzi 16 kabla ya hatua ya kwanza. Chombo kinachotosha kabisa mjini, huko juu huishia kutoa kinywaji vuguvugu. Kwa Kilimanjaro chukua chupa ya lita moja, yenye shingo nyembamba na kizibo kinene, unayomiminia kwenye kifuniko chake. Kikombe cha mdomo mpana kiache hotelini.

Sababu ni kwamba ukuta wenye ombwe haupotezi joto jingi. Joto hutokea juu, kwenye shingo na kifuniko, na ndiyo maana vikombe viwili vyenye ukuta sawa hutofautiana mno. Ujazo nao una nguvu: kahawa nyingi hupoa polepole kuliko kidogo, na chombo kilichojaa hukishinda kilichojaa nusu. Kisha kuna hatua ambayo haina gharama: kitie maji yanayochemka dakika tano, yamwage, ndipo utie kahawa.

Lebo za kweli kuliko zote nimeziona kwenye bidhaa za Japani. Watengenezaji kama Zojirushi na Tiger huandika nyuzi joto zitakazobaki baada ya saa sita. Lebo nyingine hutangaza "saa 12" au "saa 24" bila kusema kinywaji kitakuwa na joto gani saa hizo zikiisha. Namba ya saa peke yake haikwambii kitu.

Na joto likizidi nalo ni hatari. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa sababu ya umio. Jambo hili linatugusa: saratani ya umio imeenea katika ukanda unaopita Kenya, Tanzania na Malawi, na watafiti waliopima chai Kilimanjaro walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa na takriban nyuzi 70. Kikombe kizuri hufunga joto hilo kwa saa nyingi, kwa hiyo kifungue, ngoja, kisha unywe. Chai ya maziwa ndiyo yenye hatari ya upande wa pili. Ikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria huanza kuzaliana, na chupa iliyojazwa asubuhi isifike jioni. Safarini beba kahawa au chai ya rangi.

Mshindani pekee asiyehitaji ombwe ni dele la mwambao, lenye makaa chini yake, ambalo muuza kahawa wa Mombasa au wa Mji Mkongwe hulibeba kutoka baraza hadi baraza. Halihifadhi joto, linalitengeneza upya muda wote, na kahawa chungu hufika kwenye kikombe kidogo ikiwa moto hata saa nne za usiku.

Kwa basi na gari, uamuzi wangu ni kikombe cha chuma cha pua cha nusu lita, chenye kuta mbili na kifuniko kinachofungwa kwa kuzungushwa, ambacho mpira wake unatoka ili uoshwe. Ukifika dukani omba maji, kijaze, kifunge, kipindue chini juu na ukitikise mbele ya muuzaji. Kikidondosha hata tone moja, kirudishe.