Je, Wajua? Warushaji wa Kasi na Mwisho wa Mchezo Mrefu

Je, wajua kuwa James Anderson wa Uingereza alirusha mipira 40,037 katika mechi za kriketi za Testi kabla ya kutundika daluga? Hakuna mrushaji mwingine wa kasi aliyewahi kufika 40,000. Alianza Mei 2003 katika uwanja wa Lord's, London, dhidi ya Zimbabwe, akaangusha wiketi 5, yaani akawatoa wapigaji 5, katika mzunguko wake wa kwanza. Akaaga Lord's pale pale Julai 2024, dhidi ya West Indies, akiwa na wiketi 704 katika mechi 188. Zilikuwa zimebaki wiki chache atimize miaka 42.

Je, wajua mechi ya Testi huchukua muda gani? Mucojo, kama ilivyo pwani yote ya Cabo Delgado, Msumbiji, ukisema mpira watu wanaelewa soka, dakika 90 na mambo yamekwisha. Testi ni siku 5. Kila siku hupangiwa ova 90, na ova moja ni mipira 6, kwa hiyo ni mipira 540 kutwa. Mrushaji wa kasi hutoka mbali mbio, akaruka, akatua kwa mguu wa mbele kwa kishindo kinachozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, na papo hapo uti wa mgongo unajipinda ili mkono upite juu. Anarudi alikotoka, anaanza upya. Kesho yake tena. Ndiyo maana nyufa katika mifupa ya kiuno ni maradhi yanayojulikana sana miongoni mwao, hasa vijana ambao mifupa yao haijakomaa.

Na mpira wenyewe? Ni kiini cha koki kilichozungushiwa uzi na kushonewa ngozi, uzito wake gramu 156 hadi 163. Shoaib Akhtar wa Pakistani aliwahi kuurusha kwa kilomita 161.3 kwa saa, katika Kombe la Dunia la 2003.

Je, wajua kwa nini wengi wao huacha kwanza mchezo mrefu, halafu huonekana bado wakicheza ule mfupi? Hesabu ni ya mwili. Katika mechi ya ova 20, mrushaji haruhusiwi kuzidi ova 4, yaani mipira 24. Lasith Malinga wa Sri Lanka aliaga Testi mwaka 2011 akiwa na miaka 27 tu kwa sababu ya goti, akaendelea na mechi fupi kwa miaka mingi baadaye. Dale Steyn wa Afrika Kusini alifanya hivyo Agosti 2019, akiwa na wiketi 439 katika mechi 93.

Stuart Broad wa Uingereza alipata kwaheri ambayo hata mtunzi wa hadithi angeogopa kuiandika. London, Julai 2023, mpira wa mwisho aliorushiwa kama mpigaji aliutoa nje ya uwanja kwa mikimbio, yaani alama, 6. Kisha mpira wa mwisho aliourusha maishani mwake katika Testi ukaangusha wiketi, ya 604.

Je, wajua kuwa mmoja wa warushaji wa kasi waliovuma zaidi Zimbabwe ana damu ya Kenya? Henry Olonga alizaliwa Lusaka mwaka 1976, baba yake Mkenya, na sehemu ya utoto wake aliipitisha Kenya kabla ya familia kuhamia Bulawayo. Mwaka 1995, akiwa na miaka 18, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Zimbabwe. Mechi yake ya kwanza haikuwa nyepesi: mwamuzi alisema mkono wake haukunyooka sawasawa, ikambidi ajifunze upya namna ya kurusha. Akajifunza. Mwaka 1998 huko Peshawar alichangia pakubwa ushindi wa kwanza wa Zimbabwe ugenini katika Testi. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia, India walikuwa wanakaribia kushinda mjini Leicester. Olonga akapewa mpira na ndani ya ova moja akawatoa wapigaji 3 wa mwisho. Zimbabwe ikashinda kwa mikimbio 3.

Ila jina lake linakumbukwa zaidi kwa kitambaa. Tarehe 10 Februari 2003, mjini Harare, katika mechi ya Kombe la Dunia dhidi ya Namibia, Olonga na mwenzake Andy Flower waliingia uwanjani wamefunga vitambaa vyeusi mkononi, kuomboleza kufa kwa demokrasia nchini mwao. Alitishiwa maisha. Mwezi mmoja tu baadaye akastaafu, akakimbilia Uingereza, akiwa bado hajatimiza miaka 27 na wiketi zake za Testi zikiwa 68 katika mechi 30. Hakukuwa na heshima ya mwisho wala umati uliosimama kumpigia makofi. Anderson alipoanza safari yake Lord's Mei ile dhidi ya Zimbabwe, Olonga alikuwa ameshaondoka katika timu hiyo. Kwangu mimi, mafanikio yote ya uwanjani hayalingani na dakika ile ya Harare. Wasomaji wa Mucojo, ambao wengi wenu mmehama tangu vita vilipoanza 2017, mnajua kuondoka kwenu bila kuaga kunavyouma. Olonga sasa anaishi Australia, na ni mwimbaji.

Je, wajua kuwa Kenya iliwahi kukaribia Testi kwa mpira mmoja? Kuala Lumpur, Aprili 1997, fainali ya ICC Trophy, kombe la nchi zisizo na Testi, Kenya na Bangladesh. Steve Tikolo alipiga mikimbio 147. Mvua ikaingilia kati, Bangladesh wakapewa lengo jipya la mikimbio 166 katika ova 25. Ova ya mwisho mpira akakabidhiwa Martin Suji, mrushaji wa kasi wa Kenya. Bangladesh walihitaji 11. Mpira wa kwanza ukapigwa nje, 6. Suji hakuvunjika moyo, akawabana mpaka mpira wa mwisho kabisa, ambapo Bangladesh walihitaji mkimbio mmoja, wakaupata kwa mpira uliogonga mguu wa mpigaji. Miaka 3 baadaye Bangladesh ikapewa hadhi ya Testi. Kenya haijaipata hadi leo. Sisemi ova ile ndiyo iliyoamua kila kitu, maana fedha, siasa za chama cha kriketi na wingi wa mashabiki vilikuwa na uzito wake. Lakini anayefuatilia kriketi ya Afrika Mashariki hawezi kuisoma ova ile bila kushika tama.

Mwaka mmoja kabla yake, Februari 1996 mjini Pune, Kenya iliitoa West Indies yote kwa mikimbio 93. Mrushaji wa kasi Rajab Ali, mzaliwa wa Nairobi, alimtoa Brian Lara, ambaye wakati huo alishikilia rekodi ya mikimbio mingi zaidi katika mzunguko mmoja wa Testi. Lara aliondoka na mikimbio 8.

Thomas Odoyo je? Aliingia Kombe la Dunia mwaka 1996 akiwa na miaka 17, akacheza makombe 5 mfululizo hadi 2011. Ndiye mrushaji wa kwanza kutoka nchi isiyo ya Testi kufikisha wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja. Mchezo mrefu aliouonja ni kama ule wa Intercontinental Cup, mashindano ya nchi zisizo na Testi. Kenya ilifika fainali mwaka 2005 huko Windhoek, ikafungwa na Ireland. Mwaka 2017 Ireland ikaingia katika orodha ya Testi, pamoja na Afghanistan, zikawa nchi 12. Odoyo alistahili kuagwa kwa siku 5. Naandika hivyo bila kusita.

Je, wajua kuwa John Nagenda, mwandishi wa riwaya na baadaye mshauri wa Rais Museveni wa Uganda, alikuwa mrushaji wa kasi? Alivaa jezi ya timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975 nchini Uingereza. Alifariki Machi 2023. Katika timu hiyo hiyo alikuwemo Don Pringle, aliyefariki kwa ajali ya gari Kenya mwaka huo huo wa 1975. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, alikuja kuirushia Uingereza katika mechi 30 za Testi, akapata wiketi 70.

Je, wajua kuwa Msumbiji nayo inacheza kriketi? Wareno hawakuuleta mchezo huu. Lakini mwaka 1995 Msumbiji ilijiunga na Jumuiya ya Madola, nchi ya kwanza kuingia bila kuwahi kutawaliwa na Waingereza, na tangu 2003 imo katika baraza la kriketi la dunia. Novemba 2021 mjini Kigali, katika mechi ya ova 20 dhidi ya Cameroon, Francisco Couana alipiga mikimbio 104, kisha akashika mpira na kuangusha wiketi 5 kwa mikimbio 19. Hakuna mwanaume aliyewahi kufanya yote mawili katika mechi moja ya kimataifa ya ova 20 kabla yake.

Na vuka mto Ruvuma: vijana wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 19 walifuzu mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, kwenda Kombe la Dunia la 2026 katika ardhi ya Zimbabwe na Namibia. Mechi zao ni za ova 50, na mrushaji mmoja anaruhusiwa 10.