Matandazo ya Mawe kwa Miche ya Matunda: Mazingatio kwa Wilaya ya Koboko

Makala haya yanaeleza jinsi mawe yanavyoweza kudhibiti joto na unyevu wa udongo chini ya miche ya matunda katika Koboko, wilaya ya kaskazini-magharibi mwa Uganda iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005. Hoja yetu ni kwamba mawe yanafaa pale ambapo matandazo ya nyasi hayadumu, lakini hayachukui nafasi ya mboji.

Kiangazi cha West Nile, takriban Desemba hadi Machi, ndicho huamua uhai wa mche wa mwembe au mchungwa. Ushauri uliozoeleka ni kutandaza nyasi. Nyasi hizo huliwa na mchwa, huteketea kwa mioto ya kiangazi, na huhitajika kuezekea nyumba. Jiwe haliliwi wala haliungui.

Katika udongo mtupu, maji hupanda kupitia vinyweleo hadi juu, yakakaushwa na jua na upepo. Tabaka la mawe la sentimita 5 hadi 10 huikata njia hiyo, kwa kuwa nafasi pana baina ya mawe haziwezi kuyavuta maji. Aidha, huukinga udongo na jua kali na hupunguza kishindo cha mvua, hivyo maji huzama badala ya kutiririka. Wakulima wa Gansu, China, wamelima matikiti katika mashamba ya changarawe kwa karne kadhaa.

Masharti ni manne. Mawe meupe yapendelewe, kwani meusi hunyonya joto. Yalazwe juu bila kuzikwa, maana jiwe hupitisha joto kuliko udongo mkavu. Yasiguse shina. Mboji itangulie, kwa kuwa mawe hayaongezi rutuba inayotarajiwa.

Kabla ya kuusambaza ushauri huu, vituo vya utafiti, kikiwemo cha Abi huko Arua, vilinganishe udongo mtupu, nyasi, mawe, na mawe juu ya mboji. Vipimwe joto na unyevu katika kina cha sentimita 5 na 20, miche iliyonusurika, na saa za kusomba mawe. Kipimo hiki cha mwisho kisipuuzwe: kwa kaya ya wakimbizi wa Lobule inayolima ardhi isiyo yake, mbinu isiyohitaji fedha yaweza kugharimu nguvu ambazo mavuno hayatazirudisha.