Hedifoni ya Zamani: Ipime Kabla ya Kuitupa

[MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 15, UNASHUKA POLEPOLE]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia hedifoni za zamani, zile kubwa za kuvaa kichwani. Tutajua jinsi ya kuzipima, kuzitengeneza na kuzisikiliza bila kuumiza masikio.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nilirekodi tangazo la chanjo ya watoto. Muuguzi alisema vizuri, "tarehe kumi na sita". Lakini upepo ulipiga maikrofoni palepale, ukameza "kumi na". Siku hiyo studio haikuwa na hedifoni nzima. Nilisikiliza kwa spika ya simu, huku jenereta ikinguruma nje. Kwa kuwa nilikuwa naijua tarehe, sikio langu lilijaza lenyewe neno lililokosekana. Tangazo likaenda hewani.

Tarehe 6 kina mama walifika zahanati, wakakuta hakuna chanjo. Mmoja alikuwa amebeba mapacha kutoka mtaa wa mwisho kabisa, na mvua ilimnyeshea njiani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ninyi wa redio huwa mnajisikiliza?"

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Baadaye tulipewa sanduku la vifaa vilivyokwisha kutumika. Ndani yake kulikuwa na hedifoni nyepesi ya plastiki. Sponji zake za manjano zilikuwa zimeoza na kuwa unga. Ilikuwa HD 414 ya kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani, aina iliyotoka mwaka 1968. Kabla yake, hedifoni nyingi zilikuwa nzito na zilifunika sikio kabisa. Hii ilitenganishwa na sikio kwa sponji tu, hewa ikapita. Sisi tuliijaribu kwenye simu, tukasikia sauti ndogo upande mmoja, na upande wa pili kimya. Tukaiweka kwenye sanduku la takataka. Aliyeiokota ni mzee wetu anayetengeneza redio pale sokoni. Yuko nami hapa. Shikamoo, mzee.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Wasikilizaji, nawasalimu.

MTANGAZAJI: Mzee, ulijuaje kwamba haijafa?

FUNDI: Sikujua, nilipima. Vijana mnatupa kabla ya kupima. Ndani ya kila upande wa hedifoni kuna spika ndogo. Ina sumaku, ina koili ya waya mwembamba, na ina kiwambo chepesi. Umeme wa sauti ukipita kwenye koili, kiwambo kinatikisika, nawe unasikia. Vitu hivyo vikitunzwa vinaweza kuishi miaka 50. Mara nyingi kinachokufa ni waya, kwa sababu ndio unaokunjwa kila siku.

MTANGAZAJI: Asiye na mita ya kupimia afanye nini?

FUNDI: Achukue betri moja ndogo ya redio, ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Aitazame pini ya hedifoni: ina ncha, ina pete katikati, na ina shina. Waya wa upande hasi wa betri aushikize kwenye shina. Waya wa upande chanya auguse kwenye ncha, mara moja tu, kisha autoe. Upande wa kushoto utalia "kwa!". Akigusa pete, utalia wa kulia. Agusetu na kuachia, asiushikilie, maana koili inaweza kuungua. Na asivae hedifoni wakati huo, aiweke karibu na sikio.

MTANGAZAJI: Na upande mmoja usipolia?

FUNDI: Aukunje waya taratibu, kuanzia kwenye pini hadi unapoingia sikioni, huku mwenzake akigusa betri. Penye mkato, sauti itakuja na kupotea. Mara nyingi ni karibu na pini. Hapo unakata sehemu mbovu na kufunga pini mpya. Lakini kumbukeni, waya wa hedifoni nyingi una rangi iliyopakwa juu ya shaba, na mara nyingi umesukwa pamoja na nyuzi. Rangi hiyo haipitishi umeme. Ikwangue kwa wembe au uichome kidogo mpaka shaba ing'ae, ndipo ulehemu kwa risasi. Ukisokota tu bila kulehemu, itafanya kazi leo, kesho itakoroma.

MTANGAZAJI: Hii yetu ilikuwa na tatizo gani?

FUNDI: Yenu haikuwa imekatika. Waya wake unachomoka kwenye kila sikio, na vipini vyake vilikuwa na kutu. Nilivisugua, upande wa pili ukaamka.

MTANGAZAJI: Na ile sauti ndogo?

FUNDI: Hilo si kosa la hedifoni. Baadhi ya hedifoni za zamani hudai msukumo mkubwa wa umeme kuliko hizi za leo. Za simu nyingi zina ukinzani wa omu 16 au 32. Hii yenu ina omu 2000. Simu haina nguvu ya kuisukuma. Ichomeke kwenye mashine ya studio au redio kubwa, itaimba. Wengi wametupa hedifoni nzima kwa kosa la simu.

MTANGAZAJI: Tuje kwenye mito ya masikio.

FUNDI: Sponji iliyooza ing'oe yote, maana unga wake huingia kwenye spika. Futa kwa brashi laini. Usikipulizie kiwambo maji wala usikiguse kwa kidole. Kata sponji mpya, uivishe kitambaa chepesi cha pamba. Pande zote mbili ziwe na unene mmoja. Ukiweka nene huku na nyembamba kule, masikio yatasikia tofauti.

MTANGAZAJI: Na kitambaa hicho kifuliwe, ndugu zangu. Hapa studio tunavaa hedifoni moja watu kadhaa, kwa hiyo kila mtu ana vitambaa vyake. Mwenye sikio linalouma au kutoa usaha asivae kabisa, aende zahanati.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Ukishatengeneza, sikiliza kwanza sauti ya mtu mmoja anayezungumza, siyo muziki. Kwenye rekodi ya kawaida ya mtangazaji, sauti inapaswa kusikika katikati ya kichwa. Ikionekana kama imetawanyika pembeni na haina uzito, huenda waya za upande mmoja zimegeuzwa wakati wa kulehemu. Rudi uzibadilishe.

Kisha linda masikio. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Huna kipimo? Usipandishe sauti kupita asilimia 60 ya uwezo wa simu. Masikio yakibaki yanalia baada ya kuvua, ulizidisha. Pumzika, na kesho punguza. Spika ya hedifoni hupata fundi, lakini chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio haziamki tena.

Juzi nilivaa ile HD 414 nikafungua tangazo la mwaka jana. Upepo ulisikika waziwazi, "vuuu", halafu "sita". Mtu yeyote mwenye hedifoni nzima angelisikia kosa lile. Tangu hapo hapa studio hakuna tangazo lenye tarehe, saa au mahali linalokwenda hewani kabla ya watu wawili kulisikiliza kwa hedifoni. Mmoja wao lazima awe hakuwepo wakati wa kurekodi, ili sikio lake lisijaze lisilokuwepo.

Mama wa mapacha, kama unatusikia: ndiyo, mama, sasa tunajisikiliza.



FUNDI: Wenye hedifoni zilizonyamaza, leteni tupime.



[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, MWISHO]