Injini ya Pikapu ya Nyumba: Nguvu Isiyokatika Njiani

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, pikapu si chombo cha anasa. Alfajiri hubeba madafu na maembe kutoka Kwale kwenda soko la Kongowea. Alasiri hurudi na simenti na chakula cha kuku. Na usiku, mgonjwa akizidiwa, huwa ndiyo ambulensi ya mtaa. Chombo kama hicho kikisimama, husimama pamoja na riziki ya watu wengi. Ndiyo maana injini yake inapochoka, swali la kuweka ipi badala yake haliwi la gereji peke yake; huwa la familia nzima.

Tulilishuhudia swali hilo nyumbani kwa ami yetu, mwenye Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 5L. Injini hiyo ni ya lita 3, haina tabo, na sifa yake ni ustahimilivu. Lakini hutoa nguvu za farasi mia moja hivi tu, na ikishiba mzigo, mlima wa kutoka Kombani hadi Kwale huupanda kwa gia ya pili huku ikifuka moshi. Mwishowe ringi zilikwisha, ikaanza kula oili, na ami akatenga fedha za kuishughulikia. Akiba hiyo ilikaa pamoja na karo ya binti yake mdogo, na kila shilingi iliyozidi kwenye injini ingetoka kwenye karo.

Mwanawe, fundi chipukizi, alikuja na ndoto yake. "Baba, tutie V8 ya petroli. Itapanda Kwale kama tambarare."

Ami hakumkemea. Alitualika barazani, tukazipima njia zote moja baada ya moja.

V8 aliyoitaka kijana ni 1UZ-FE ya lita 4, iliyotoka na Lexus LS 400 mwaka 1989. Nguvu zake ni za farasi 250 hivi, na sauti yake ni tamu. Lakini kuitia kwenye Hilux ya dizeli ni kubadilisha giaboksi, mikono ya injini, pampu ya mafuta, nyaya na breki. Tena ni injini ya petroli, na pikapu hii hungoja foleni ya feri ya Likoni karibu kila siku. Faida ya madafu ingeishia kituo cha mafuta.

Njia ya pili ilikuwa kuifungia tabo 5L ileile. Kwa macho ni rahisi. Hata hivyo, injini hiyo iliundwa kuvuta hewa yenyewe, na mgandamizo wake ni takriban mara 22. Ukiisukumia hewa na dizeli zaidi, joto na shinikizo hupanda, na gasketi ya hedi na pistoni ndizo hulipa deni. Kamba hukatikia pembamba.

Ya tatu ilikuwa 1KD-FTV, nayo ya lita 3, yenye nguvu za farasi zaidi ya 160. Hiyo ni injini njema kwa kazi. Ila nozeli zake huendeshwa na kompyuta kwa shinikizo kubwa mno. Hazivumilii dizeli yenye maji au taka, na bei ya seti mpya ingemaliza akiba. Nyaya zake pia zataka fundi mwenye vifaa vya kuzisoma.

Ikabaki 1KZ-TE: dizeli ya lita 3 yenye tabo tangu kiwandani. Nguvu yake ya kuvuta ni nyutoni-mita 290 hadi 340 kulingana na toleo, ilhali 5L ina karibu 200. Mafundi wengi wanaijua na spea zake hupatikana. Aibu yake ni moja: ikichemka, hedi hupasuka.

Hapo ndipo kijana alipotupa neno la maana kuliko yote. "Baba, ikiwa adui ni joto, basi fedha za kuongeza nguvu tuzitie kwenye kupoza."

Basi ikaamuliwa: tabo iachwe kwa kipimo cha kiwandani, isikazwe. Rejeta ikawa mpya, pampu ya maji mpya, themostati mpya na mipira yake yote. Klachi ikawekwa ya kubeba nguvu mpya, na breki zikafanywa upya, kwa kuwa chombo kinachokwenda kwa kasi zaidi sharti kijue kusimama. Ikaongezwa geji ya joto la moshi, ili dereva aone hatari kabla ya kuisikia.

Katika kununua injini ya mtumba, tulijifunza mambo matatu. Kwanza, pima mgandamizo wa kila silinda. Usiridhike na kuisikia ikinguruma tu. Pili, funua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka. Moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka. Tatu, dai risiti na karatasi za forodha zenye nambari ya injini yenyewe. Mabadiliko ya injini hupelekwa NTSA yaingizwe kwenye kitabu cha gari, na kampuni ya bima iarifiwe. Injini isiyo na karatasi yaweza kuwa ya wizi, na ajali ikitokea, bima yaweza kukataa kulipa.

Kazi ilipokwisha, hawakwenda kushindana na mtu. Walipakia simenti kama siku zote, wakangoja jua la saa saba, wakashika njia ya Kwale. Kijana aliendesha, ami alikaa kando, macho yake kwenye mshale wa joto. Walipanda kwa gia ya tatu. Mshale ulifika katikati ukatulia hapo, hata walipoingia mjini.

"Haina kasi ya V8," kijana alisema, nusu kwa majuto.

"Naam, mwanangu," ami alimjibu. "Lakini kesho alfajiri itawaka."

Jumatatu iliyofuata, karo ya binti ililipwa kwa wakati.